Nimenunua kanga kwa mtu nisiyemjua sura: duka la WhatsApp la hapa mjini

Assalaam alaykum jamani. Niliahidi harusi ikimalizika ntakaa kitako niandike, harusi imekwisha, maharusi washatoka fungate, bas leo naandika. Hili ni duka la kanga la hapa mjini Unguja linalouza kwa WhatsApp peke yake, halina mlango wala kibao, mwenyewe ni mwanamke yupo nyumbani kwake, mzigo anaufata kwa wenye maduka ya jumla Mlandege na Darajani, anapiga picha, anauza. Nimechukua kwake doti 18 za sare na doti 2 za kisutu, ile kanga ya bi harusi, na mpaka naandika hapa sura yake siijui. Namba nilipewa na jirani yangu. Kanga ni nzuri, bei ni ya kawaida, sitowaambia ni rahisi kuliko kwengine kwa sababu si kweli, ukishuka Darajani mwenyewe na ukajua kupatana unapata pungufu. Kinachonifanya niandike ni namna anavyozungumza na mtu asiyemjua. Nnanunua vitu kwa simu miaka mingi sasa na sijamuona mwengine anayeandika vile.

Nianze nilikotoka ndo mtanifahamu. Mpwa wangu wa Wete, Pemba, aliposwa, wanawake wakakaa kikao wakakata shauri mashangazi na mama wadogo wote wavae sare ya kanga siku ya singo, yaani bi harusi anaposuguliwa manukato, na kwa kuwa mie ndo niliyepo mjini nikatwishwa kazi ya kutafuta. Kazini natoka saa tisa na nusu, nikifika Darajani nishachoka, watu wamejaa, watoto wananisubiri nyumbani, nikaona bora nitafute kwa simu nimekaa mkekani kwangu.

Duka la mwanzo nililoliandikia silitaji na msiniulize. Walitia picha ya kanga ya kijani nzuri sana, bei hawakuandika, wameandika njoo inboksi. Nikaenda inboksi, nikasalimia, nikauliza doti bei gani na nikichukua 18 mtanipunguzia kiasi gani. Tiki zikawa buluu pale pale, kisha kimya. Masaa mawili kimya. Nikaandika tena, samahani ndugu zangu nilikuwa naulizia bei. Ikaja voisi ya sekunde saba, sauti ya kijana, "dada hapa hatuuzi mchicha, bei hazipungui." Haya, nikanyamaza, biashara yake, kukataa kupunguza ni haki yake. Lakini usiku mpwa wangu mwengine ananitumia skrinshoti ananambia shangazi, huyu si wewe? Meseji yangu imewekwa stetasi ya duka na vikatuni vya kucheka, juu wameandika "wateja wa kupatana hawa." Namba wameiziba nusu, picha yangu ya waridi wameiwacha, na mpwa wangu kanijulia kwa lile waridi.

Nilikaa na simu mkononi nisijue la kufanya. Tusi hamna pale, sikutukanwa. Ila nilidhani nazungumza na mtu mmoja, kumbe nimezungumza mbele ya umati na mie sina habari. Kwetu mtu akija barazani kwako kukuuliza kitu, akishaondoka humgeuzi kichekesho kwa majirani, na anayefanya hivyo mtaa mzima unamjua ni mtu gani. Kwa simu mtu anafanya na usingizi analala. Stetasi inakaa saa 24 inaondoka, lakini aliyekwisha kuiona keshaiona.

Bas nikiwa na machungu yale jirani ndo akanipa namba ya huyu mama. Na nitasema ukweli wangu, nilimuandikia vibaya. Niliandika "Bei ya kisutu na za sare?" tu, salamu hamna, jina hamna, saa nne za usiku. Likaja lile jibu la mashine ambalo WhatsApp ya biashara inamruhusu mtu kuliweka akiwa hayupo, limeandikwa hivi: "Assalaam alaykum. Kwa leo nimefunga. Meseji yako nimeipata, ntaijibu kesho kuanzia saa mbili asubuhi inshaallah, huna haja ya kuandika tena." Yale maneno ya mwisho yalinigusa. Mtu akimuandikia asiyemjua anabaki na wasiwasi, sijui kaona, sijui hakuona, niandike tena, nikiandika tena ntaonekana king'ang'anizi. Yeye kamuondolea mtu yote hayo akalale zake.

Kesho yake saa mbili na robo kaniandikia mwenyewe. Naiweka hapa kama ilivyo, nimemuomba ruhusa na kanipa:

"Assalaam alaykum, umeamkaje. Ahsante kwa kusubiri. Nnaona picha ya waridi tu, samahani, nikuite dada, mama au kaka? Kanga za sare doti ni 15,000, kuanzia doti 10 ni 14,000. Kisutu doti 15,000. Picha hizi nimezipiga uani asubuhi hii, rangi ndo hizi hizi."

Salamu kaitoa yeye, wala hakunikumbusha kwamba mie sikuitoa, na nilivyoiona tu nikaona haya nikarudisha kwa ukamilifu wake. Bei kaiweka papo hapo, hakunizungusha inboksi wala nje ya inboksi. Na lile swali la nikuite nani, jamani. Wauzaji wengi wa simu wakishapata namba yako tu unaitwa mpenzi, unaitwa mrembo, unaitwa bosi, na yeye hajui anayemuandikia ni nani. Mume wangu aliwahi kuandikiwa "karibu mpenzi" na muuza viatu saa sita za usiku, mimi ndo niliyeishika simu, na hapo nyumbani pakawa hapakaliki siku mbili kwa neno ambalo mwandishi hakulifikiria hata kidogo. Kuna mzee wetu msikitini kaitwa shoga. Kuuliza ni sekunde tano. Nikamjibu niite dada, na tokea siku ile ni dada, hakupitiwa hata mara moja.

Baada ya dakika kama tano ikaja nyengine: "Dada, ile meseji ya juu nimeirekebisha, kisutu ni 16,000, nilikosea. Kama ulishaiona 15,000 na ukapanga hesabu yako, ntakuwachia kwa hiyo hiyo." Anayetumia WhatsApp anajua, tangu 2023 unaweza kurekebisha meseji ndani ya dakika 15 na simu ya mwenzio hailii wala haimwambii kitu, inabaki alama ndogo tu pembeni ambayo nani anaiangalia. Kwa hiyo angeweza kubadilisha kimya kimya, nikaja kulipa 30,000 ya doti mbili akanambia dada soma vizuri, nikasoma nikakuta kweli 32,000, nikajiona mie ndo mwenye matatizo ya macho. Hakufanya. Nilimlipa 16,000 kwa roho nyeupe.

Sasa nije kwenye jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, hapa ndo aliponimaliza kabisa.

Mie nilichagua kwa rangi. Nyekundu na manjano, pindo limejaa, mji umekaa vizuri, nikamwambia hii hii nitilie 18. Akakaa kidogo kisha akaandika: "Dada, samahani kama naingilia. Umenambia ni sare ya harusi na upande wa bwana harusi watakuwepo. Jina la hii umeliona? Wasije wakadhani wamepigiwa wao." Nikairudia picha, jina limekunjika kwa chini, nikamwambia sikuliona. Akanifungulia akapiga picha nyengine. Hasidi hana sababu.

Fikirini wanawake 18 wa upande wetu tumejipanga ukumbini na Hasidi hana sababu, wakwe ndo wanaingia kwa mara ya mwanzo. Wete watu kanga wanaisoma kabla hawajamsoma aliyeivaa. Ingekuwa maneno mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Na yule mama hana undugu na sisi, angeuza doti 18 zake akatia pesa mfukoni, yatakayotokea Pemba yeye hayamfiki. Akanitafutia yenye rangi zile zile jina lake Wema hauozi, kaniambia itachukua siku mbili kuipata kwa sababu mpaka aende kwa mwenye jumla, nikasema siku mbili si kitu.

Tokea hapo nimekuwa nikifikiri. Sisi maneno ya kuandikwa hatukuanza nayo kwenye simu. Bibi zetu walikuwa wanasemezana kwa kanga, mtu anajitanda anapita mbele ya mlango wa mwenzie, mdomo kaufunga, na aliye ndani keshapata habari yake yote. Kwa hiyo tunajua kabisa kwamba neno lililoandikwa halina uso wala sauti, sauti anaitia msomaji, na msomaji akiwa na wasiwasi na wewe ataitia sauti mbaya. Mtu akikwambia "haya" huku anakutizama na anacheka ni neno zuri, akikuandikia "haya" peke yake kwenye simu na humjui unakaa unalipindua, kakasirika, kachoka, ananifukuza? Nimeyarudia mazungumzo yetu yote na huyu mama toka mwanzo, "haya" peke yake hamna. Anaandika "haya dada, nimefahamu." Anaandika "sawa dada, naangalia nakurejea." Kidogo tu kile kinachoongezeka ndo kinaniambia mtu yupo upande wa pili na hana kinyongo na mimi.

Pesa. Hapa ndo penye khofu, na nani asiyekuwa na khofu wakati kila wiki simu inaingia "ile hela tuma kwenye namba hii" na watu wazima wenye akili zao wameliwa. Nilimwambia wazi, dada yangu sikujui, na laki mbili na themanini na nne elfu si pesa ndogo kwangu. Nilitegemea atanuna. Kaniandikia "una haki ya kuuliza, hata mie ningeuliza," kisha akanambia nilipe nusu, nusu nimalizie nikishapata picha ya mzigo umefungwa na umeandikwa jina. Na akaniuliza kama nnataka anipigie ya video nizione kanga zote moja moja, lakini angalieni alivyouliza: "Kamera yangu ntaielekeza kwenye kanga tu, na wewe zima yako, nnajua umo nyumbani hujajistiri. Nikupigie sasa au baada ya laasiri?" Watu wangapi wanakupigia ya video bila kukuuliza, simu inalia umejifunga kanga moja unatoka kuoga, unaikata, anapiga tena, unaikata, anaandika mbona hupokei. Nilimwambia baada ya laasiri na kapiga baada ya laasiri, nikaziona zote ishirini uani kwake, mkono tu na kanga.

Voisi pia ana taratibu yake na hapa mie ndo nilifunzwa. Siku moja nilikuwa jikoni mikono ina unga nikamtumia voisi ya dakika nne, nimeeleza mambo ya harusi, nimeeleza na mzozo kidogo wa kikao chetu cha wanawake ambao hata haukumuhusu. Akaniandikia: "Dada nimeiona voisi yako, nipo na wageni, nikiiweka hapa wataisikia wote na sijui umesema nini ndani. Kama ni haraka niandikie kwa ufupi, kama si haraka ntaisikiliza usiku nikiwa peke yangu." Wallahi nilishukuru. Sikuwahi kufikiria kwamba voisi yangu inafunguliwa mbele ya watu wa mwenzangu. Mara hii voisi kwa mtu nisiyemzoea situmi mpaka niulize.

Na grupu hakunitia. Hili kwangu ni kubwa, naomba mnisikilize. Kabla ya hapo niliwahi kununua mafuta ya nywele kwa mtu, kesho yake najikuta ndani ya grupu la watu mia na kitu, sikuulizwa, na ndani ya grupu namba yako kila mtu anaiona. Siku ya pili mwanamme nisiyemjua anakotoka kaniandikia "mambo mrembo", nikambloki, akaja mwengine. Ikabidi niingie kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, pale pa makundi, nikafunga nisiweze kutiwa na mtu ambaye sina namba yake (wengi hawajui kwamba ipo hiyo, ipo tangu 2019, kafungeni leo). Huyu mama yeye alipomaliza kuniuzia kaniandikia: "Dada, huwa natuma picha za mzigo mpya mara moja kwa wiki. Ukipenda uzipate isevu namba yangu, usiposevu hazitokufika na wala sitojua." Na kweli, zile meseji za kutuma kwa wengi kwa mpigo zinamfika yule aliyekusevu tu. Kwa hiyo uamuzi kaniwachia mie na hata aibu ya kumwambia sitaki kaniondolea. Nilisevu.

Kuna siku nne mie nilipotea. Nilishamwambia aniwekee mzigo, lakini dada yangu wa Wete hajatuma mchango, nikawa naona haya kumuandikia sina pesa. Akaandika siku ya pili, "Assalaam alaykum dada, ni kukumbusha tu mzigo wako upo." Siku ya tatu, "Dada natumai ni kheri, ikiwa kuna shida nambie tupange." Siku ya nne, "Dada hii ni ya mwisho nisije nikakuchosha. Nikiona kimya mpaka kesho ntafahamu umeghairi, hakuna ubaya, siku nyengine karibu." Tatu, basi. Nilipoisoma ile ya tatu nikamkumbuka marehemu babu yangu akitufunza kubisha hodi, bisha mara tatu, usipojibiwa geuka urudi, usichungulie dirishani wala usikae mlangoni ukanuna. Sote tumesomeshwa chuoni Suratun Nur aya ya 27, msiingie nyumba zisizokuwa zenu mpaka muombe ruhusa na muwasalimie waliomo, tumeihifadhi tangu wadogo, na milango ya watu tunaiheshimu kweli, ila simu ya mtu tunaingia nayo mpaka chumbani. Usiku ule ule nilimjibu nikamueleza ukweli kwamba mchango haujafika, akanipa siku tatu nyengine, pesa ikaja.

Bimkubwa wangu naye kamjua. Nilimpa namba ili wazungumze kuhusu mzigo ukifika Mkoani nani ataupokea, na bimkubwa herufi anazitafuta moja moja kwa kidole, maneno yanaunganika, nukta hamna, mara nyengine hata mie mwanawe simfahamu. Yule mama hakumrekebisha wala hakumuharakiza. Kamuita mama toka siku ya mwanzo na kila akimjibu anairudia hoja yake kwanza ili ajue kaifahamu, "mama umesema kijana wa gari ya Wete ndo atakayeupokea, sawa?" Sasa bimkubwa akishampenda mtu anamfowadia kila kitu, picha za Ijumaa, dua, na zile za tuma kwa watu kumi utapata kheri. Nikaingiwa na khofu atamchosha mwenzetu. Kumbe alishamuandikia: "Mama, dua yako nimeipokea, amin, Allah akulipe. Hizi za kutuma kwa watu kumi mie huwa siziendelezi, naogopa kusambaza nisilolijua, usinione kimya ukadhani nimekudharau." Bimkubwa kanisomea mwenyewe kwa simu na kafurahi. Angekaa kimya bimkubwa angesema yule binti ana kiburi, angemwambia mama acha hizi angeumia. Hata WhatsApp wenyewe zile zilizozunguka sana wamezifunga tangu 2020, unaifowadi kwa mtu mmoja au grupu moja kwa wakati, lakini mashine haiwezi kusema na mama wa mtu kwa upole.

Kasoro zipo na nazisema, kwa sababu hata yeye nilimwambia ntaandika yote.

Mzigo ulichelewa siku moja. Boti ya siku tuliyokubaliana hakuiwahi bandarini Malindi, kijana wa vespa aliyempa mzigo kachelewa kufika. Kanambia mapema kabla sijauliza, sawa, lakini siku moja kwenye harusi ni siku, Wete walikaa roho juu. Pili, kiroba alichofungia kilikuwa chembamba, kimefika kimetoboka pembeni na kanga ya juu kabisa ina doa la mafuta kama sarafu. Nilimpigia picha nikaanza na "samahani sina nia ya kugombana", na yeye kanijibu "usiombe samahani dada, mzigo wangu ndo mbovu, doti nyengine naitoa kesho kwa boti, hiyo yenye doa baki nayo." Imefika. Hakunambia nifute neno popote wala hakuniomba nisimseme.

Ya tatu ndo iliyoniuma zaidi kuliko doa. Jioni moja nilimuandikia kuhusu ile nusu ya pesa, likaja jibu "tuma haraka tunafunga." Salamu hamna, dada hamna. Nilishtuka, nikadhani simu yake imeibiwa, nikaogopa kutuma hata shilingi. Nikamuuliza ni wewe kweli? Kimya. Kumbe alikwenda msibani, simu kamuachia mtoto wa dada yake amsaidie. Aliporudi usiku kaniomba radhi, na mie nikamwambia kwa uwazi: dada, kumpa mtu simu si kosa, kosa ni kutunyima habari. Mambo yangu nimekwambia wewe, ukimpa mtu mwengine simu nijue nazungumza na nani, kwa sababu sura siioni, nnachokijua kwako ni maandishi tu, na maandishi yakibadilika mie nshakupoteza. Kakubali. Siku hizi kijana akishika simu anaanza "mimi ni msaidizi wa dukani", na jibu linajulikana la nani. Kwa hili tu ndo nikaikata nyota moja, nne kati ya tano, ingekuwa tano.

Na picha zake za jioni msizitegemee, taa ya ndani kwake inageuza kijani kuwa buluu, mwambieni akupigieni asubuhi uani.

Harusi ilikuwa nzuri alhamdulillah. Sare zetu zilisomwa kama nilivyojua zitasomwa, mama yake bwana harusi kashika pindo la kanga ya dada yangu kalisoma kwa sauti, Wema hauozi, kamkumbatia. Nilimtumia duka picha ya kanga bila sura za watu, kajibu mashaallah, na kaniuliza kama naridhia aitie stetasi au abaki nayo mwenyewe. Nikamwambia atie.

Wanaotaka namba yake niandikieni, ila msione nimechelewa kujibu, nnamuuliza kwanza kwa kila mmoja kama niitoe. Meseji anajibu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri na baada ya laasiri mpaka karibu na magharibi, Ijumaa asubuhi hajibu. Kisutu mara hii anazo, za sare kuanzia doti kumi mwambieni mapema, wiki mbili kabla.